SAFARI YA KUWAONA GORILA WA MILIMANI KWA UWEZO WA MWANAFUNZI



Kila mwaka watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani, wakashukia Entebbe au Kigali, kisha wakaingia barabarani kwa saa nyingi, ili kumtazama mnyama mmoja kwa muda wa saa moja tu. Mnyama huyo ni gorila wa milimani. Anaishi katika milima iliyo jirani kabisa na mkoa wetu wa Kagera. Mtu anayetoka hapa Bukoba alfajiri kwa basi anaweza kulala Mbarara siku hiyo hiyo, na kesho yake akawa ukingoni mwa msitu. Pamoja na ujirani huo, ni wachache sana miongoni mwetu waliowahi kufika huko. Ukiuliza sababu utaambiwa: "Ile ni safari ya Wazungu, ni maelfu ya dola."

Maneno hayo ni kweli kwa Mzungu. Kwa mwananchi wa Afrika Mashariki si kweli, na watu wengi hawajaambiwa hivyo. Katika makala hii tutaeleza gorila hao wako wapi, kibali ni bei gani kwa Mtanzania, safari ipangwe kwa utaratibu gani ili iwe nafuu, na ni mambo gani ambayo hayafai kupunguzwa hata fedha ikiwa ndogo namna gani. Ieleweke tangu mwanzo kwamba unafuu wa safari hii hautokani na ujanja wala njia za mkato. Unatokana na mambo matatu: uraia wako, kwenda kwa kikundi, na kupanga mapema.

GORILA WA MILIMANI NI YUPI?

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Wengi wetu tunatumia neno "sokwe" kwa wanyama wawili tofauti. Wale wa Gombe na Mahale kule Kigoma ni sokwemtu. Gorila ni mkubwa zaidi, na Tanzania hatuna gorila wa porini hata mmoja. Dume lililokomaa huwa na uzito wa kilo 160 hadi 200 hivi, na jike ni kama nusu ya hapo. Dume likifika umri wa miaka kumi na miwili au zaidi, nywele za mgongoni hugeuka rangi ya fedha, na dume la namna hiyo ndilo linaloongoza familia. Kwa chakula hula majani, mashina, mianzi, viwavi na matunda. Kila jioni hujitengenezea kiota kipya cha kulala.

Gorila wa milimani wanaishi sehemu mbili tu duniani. Ya kwanza ni msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, pamoja na kipande kidogo cha msitu huo kilicho upande wa Kongo. Ya pili ni safu ya milima ya Virunga, ambayo imegawanywa na mipaka ya nchi tatu: Uganda wanaiita hifadhi yao Mgahinga, Rwanda wanayo Hifadhi ya Volkano, na Kongo wanayo Virunga. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilikuta gorila 604 katika Virunga, na ile iliyotangazwa mwaka 2019 ilikuta 459 katika Bwindi. Jumla ni 1,063. Hao ndio wote. Aina hii haipatikani katika bustani za wanyama. Gorila wanaoonyeshwa huko Ulaya na Marekani ni aina nyingine ya misitu ya tambarare.

Idadi hiyo ni ndogo, lakini ni habari njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 gorila wa Virunga walikuwa wamebaki kama 250 tu. Walichinjwa na majangili, wakanaswa na mitego iliyotegewa paa, na msitu ukakatwa kwa ajili ya mashamba. Tena uzazi wao ni wa polepole, kwani jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne hivi. Kwa hiyo kila gorila anayekufa kabla ya wakati wake ni hasara inayochukua miaka kufidiwa. Haya tuyakumbuke, maana ndiyo yanayoeleza sheria zote tutakazozitaja mbele.

KIBALI NI BEI GANI?

Huruhusiwi kuingia msituni kuwatafuta gorila bila kibali, na kibali ndicho kinachofanya safari hii ionekane ghali. Uganda, kwa bei zilizoanza Julai 2024, mgeni anayetoka nje ya Afrika hulipa dola 800 za Marekani. Mgeni mwenye kibali cha kuishi Afrika Mashariki hulipa dola 700. Raia wa nchi nyingine za Afrika hulipa dola 500. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda.

Msomaji asome tena kiwango hicho cha mwisho. Shilingi 300,000 za Uganda ni dola themanini na kitu, na kwa fedha yetu ni kati ya laki mbili na laki mbili na nusu, kutegemea bei ya kubadilishia siku hiyo. Msitu ni ule ule, gorila ni wale wale, na saa ni ile ile moja. Mzungu aliyesimama kando yako atakuwa amelipa karibu mara kumi ya ulicholipa wewe.

Rwanda nako kuna bei ya jirani. Tangu Mei 2017 mgeni hulipa dola 1,500, lakini raia wa Afrika Mashariki amewekewa dola 200. Kwa mtu wa Ngara, ambaye mpaka wa Rusumo uko mlangoni kwake, ni vizuri akapiga hesabu ya njia zote mbili, kwani barabara ya Rusumo hadi Kigali na kutoka Kigali hadi Musanze ni ya lami tupu. Kwa sisi wa Bukoba, Bwindi ndiyo nafuu. Ama upande wa Kongo, tunawashauri wanafunzi wasiufikirie kwa sasa. Eneo hilo lina vita, na tangu mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025 hali imekuwa nzito zaidi.

Bei hizi hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo kabla ya kukusanya fedha, kiongozi wa kikundi aulize bei ya tarehe mtakayokwenda, si ya tarehe mnayouliza.

MPANGO WENYEWE

Tumeupanga kwa hatua, na tunasisitiza zifuatwe kwa mfuatano huu. Wanaoanza kutafuta basi na mahali pa kulala kabla ya kibali huishia kupata hasara.

1. Undeni kikundi cha watu wanane. Kila familia ya gorila iliyozoeshwa watu hutembelewa na kikundi kimoja kwa siku, na kikundi hakizidi watu wanane. Wanafunzi saba na mwalimu wao mmoja ni hesabu inayokamilika. Faida yake ni kubwa pia katika usafiri, kwa sababu gari la kukodi kutoka mjini hadi msituni hulipiwa lote kwa siku. Mkigawana wanane, kila mmoja amebeba sehemu moja ya nane. Aliye peke yake hulibeba lote.

2. Angalieni umri. Aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwaendea gorila, na sheria hiyo haina msamaha. Wadogo zetu wa darasa la chini wasivunjike moyo, kwani wao ndio wenye muda mrefu zaidi wa kuweka akiba.

3. Shughulikieni hati za safari. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hutembeleana kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Sisi Watanzania tunahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Aliye chini ya miaka 18 aambatane na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi, ili wasipate usumbufu mpakani. Hati hizi ndizo pia zitakazothibitisha uraia wako pale utakapodai bei ya Afrika Mashariki. Asiye na hati hiyo asishangae akidaiwa dola.

4. Chanjeni homa ya manjano. Uganda huulizia cheti cha chanjo hiyo mpakani, na ukirudi nyumbani unaweza kuulizwa tena. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Ikishachomwa, cheti chake ni cha maisha, hivyo gharama hiyo hailipwi mara ya pili.

5. Chagueni tarehe. Miezi ya Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari ndiyo yenye mvua kidogo, na njia za msituni huwa na utelezi mdogo. Bahati ni kwamba likizo zetu za Juni na Desemba zimo humo. Ubaya wake ni kwamba wageni wote wanaitaka miezi hiyo, na vibali huisha mapema. Kwa likizo ya Juni, kibali kitafutwe tangu mwanzoni mwa mwaka au kabla. Wenye nafasi ya kwenda Aprili au Novemba watapata vibali kwa urahisi na vyumba vya bei ya chini, ila wajiandae kwa tope. Mwezi wa Ramadhani tusiupangie safari hii, kwani ni kupanda na kushuka milima kwa saa nyingi.

6. Chagueni upande wa msitu, kisha nunueni kibali. Bwindi ina milango minne ya kuanzia: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kibali huandikwa mlango na tarehe, na hutolewa kwa jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kwenye ramani milango hii inaonekana kukaribiana, lakini kutoka mmoja hadi mwingine ni saa kadhaa za barabara ya milimani. Aliyelala Buhoma na kibali chake ni cha Rushaga, asubuhi atakuwa amechelewa. Kwa anayetoka upande wetu, Rushaga inafaa zaidi, kwa sababu ina familia nyingi za gorila kuliko milango mingine na inafikika kutoka Kabale au Kisoro. Vibali huuzwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo makao yake makuu yako Kampala, mtaa wa Kamwokya. Pia huuzwa kwa njia ya intaneti na kupitia kampuni za utalii zenye leseni. Msimpe fedha mtu wa njiani anayedai kuwa na kibali cha haraka cha bei ya chini. Hakuna kibali cha magendo kitakachokuingiza msituni.

7. Pangeni njia. Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni yapata kilomita 80, kupitia Kyaka. Mkivuka mpaka, kuna karibu kilomita 90 hadi Masaka. Hapo Masaka msiendelee Kampala, maana ni kuzunguka bure. Shukeni, mpande basi linalotoka Kampala kuelekea magharibi: Mbarara, Ntungamo, Kabale. Wa Karagwe na Kyerwa wana njia nyingine ya kuvukia Murongo na kutokea Mbarara. Mkumbuke kwamba Uganda gari dogo la abiria, tunaloliita Hiace, wao huliita taksi. Fedha badilisheni kidogo mpakani ya kuwafikisha mjini, na ihesabiwe mbele yenu.

Tuna faida moja ambayo Mzungu hawezi kuinunua, nayo ni lugha. Anayesema Kihaya atamwelewa Mnyankole wa Mbarara na Mkiga wa Kabale kwa sehemu kubwa, kwani lugha hizi ni ndugu. Anayeomba bei ya chumba kwa lugha ya mwenyeji hapewi bei ya mgeni.

8. Malazi na chakula. Mkusanyiko wa asubuhi msituni huanza kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Kwa hiyo lazima mlale karibu na mlango wenu usiku wa kuamkia siku hiyo. Pembezoni mwa msitu zipo hoteli za kulala mtu mmoja kwa mamia ya dola, na zipo kambi na nyumba za wageni za wanavijiji zenye vitanda vya pamoja na viwanja vya kupiga hema. Hizo za pili ndizo zenu. Ulizeni kwa simu kabla hamjaondoka, na muulize pia kama bei ina chakula ndani yake. Kwa chakula cha njiani, matoke, maharage na chapati vinapatikana kila mahali. Wapo wanaoviringa yai ndani ya chapati, na Waganda huiita rolex. Inashibisha na bei yake ni ndogo. Kuhusu nyama, Kabale na Kisoro kuna Waislamu na misikiti, hivyo waulizeni wenyeji mahali pa kula kabla ya kuagiza. Siku ya msituni kila mmoja abebe chakula chake cha mchana na maji yasiyopungua lita mbili.

AKIBA YA MWAKA MMOJA

Sasa tuje kwenye fedha. Tugawanye gharama katika mafungu manne: kibali, hati na chanjo, usafiri, malazi na chakula. Fungu la kwanza linajulikana, na halina majadiliano. La pili hulipwa mara moja na faida yake hubaki. La tatu na la nne ndiyo yanayopungua kwa kwenda pamoja.

Tuchukue mfano wa kibali peke yake. Shilingi 300,000 za Uganda, zikiwekwa kwa miezi kumi, ni shilingi 30,000 za Uganda kwa mwezi. Kwa fedha yetu ni kama shilingi mia saba kwa siku. Wapo miongoni mwetu wanaotumia zaidi ya hapo kwa soda na vocha za simu. Hatusemi kwamba ni rahisi kwa kila nyumba, maana tunazijua nyumba zetu. Tunasema kwamba ni jambo linaloweza kupangwa. Kikundi kichague mweka hazina, daftari liandikwe kila wiki mbele ya mwalimu, na fedha zitunzwe mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuzichukua peke yake. Juu ya mafungu hayo manne liwepo fungu la tano dogo la dharura, ambalo halitaguswa isipokuwa kwa ugonjwa au gari kuharibika.

SIKU YA MSITUNI

Asubuhi mtasikiliza maelezo ya wahifadhi, kisha mtapewa mwongozaji na askari. Wafuatiliaji huwa wametangulia tangu alfajiri hadi mahali familia ilipolala jana yake, wakafuata nyayo na majani yaliyotafunwa. Wapo wanaowafikia gorila baada ya saa moja, na wapo wanaotembea saa tano au sita. Bwindi ni msitu wa mabonde na miteremko mikali, na njia mara nyingi hufyekwa pale pale.

Nguo ziwe za kufunika mwili, na hapo hatuna tatizo kwa kuwa ndiyo desturi yetu. Wasichana wavae suruali pana ndani ya gauni lisiloburuta chini, na mtandio ufungwe usining'inie, usije ukanaswa na miiba. Soksi ndefu zivaliwe juu ya suruali kwa ajili ya siafu. Glavu za shambani husaidia kwa viwavi. Viatu viwe vya kushika tope. Mabuti ya mpira ya sokoni yanatosha kabisa, hayahitaji kuwa ya dukani Ulaya. Koti la mvua lisisahauliwe hata kiangazi. Swala ya Adhuhuri huenda ikawakuta huko ndani, hivyo asiyejua hukumu za msafiri amuulize ustadhi kabla ya kuondoka, na mwongozaji aambiwe mapema.

Mkiwafikia gorila, mifuko na fimbo huachwa nyuma, barakoa huvaliwa, na saa moja huanza kuhesabiwa. Msikaribie chini ya mita 10. Msinyooshe vidole, msipige kelele, na kamera isiwake taa. Dume likija kwa kishindo, msikimbie. Chuchumaeni, angalieni chini, na mfuate anachosema mwongozaji. Gorila hawa wamezoeshwa watu kwa kutembelewa kila siku kwa miaka miwili au mitatu, lakini si wa kufugwa.

YASIYOFAA KUPUNGUZWA

Tumesema mengi juu ya kupunguza gharama. Sasa tuseme juu ya kile ambacho hakipunguzwi, na ndicho tunachotaka msomaji akichukue kuliko yote yaliyotangulia.

Gorila anakaribiana sana na binadamu kimaumbile, kiasi kwamba mafua yetu ni mafua yake. Kikohozi ambacho wewe unakimaliza kwa maji ya tangawizi kinaweza kuua mtoto wa gorila na kuenea katika familia nzima. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi walipatwa na upele unaotokana na binadamu, na mtoto mmoja wa gorila akafa. Dk. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyamapori wa Uganda aliyewatibu, alijifunza kutokana na tukio hilo kwamba huwezi kulinda afya ya gorila huku wanakijiji wa jirani hawana zahanati. Mwaka 2003 alishiriki kuanzisha shirika la Conservation Through Public Health, linalohudumia watu na gorila kwa pamoja.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa sana maana ya ugonjwa unaovuka kati ya mnyama na mtu. Mwaka 2023 tulipata Marburg hapa Bukoba, na Januari 2025 ikatokea tena Biharamulo. Tunajua ilivyokuwa kunawa mikono kila mlango na kuacha kushikana mikono. Basi hofu tuliyokuwa nayo sisi kwa ugonjwa wa msituni, gorila naye anastahili kuwa nayo kwa ugonjwa wa mjini.

Kwa hiyo kikundi kikubaliane mapema, kabla ya senti ya kwanza kukusanywa, kwamba atakayeamka na mafua, homa au kuharisha siku ya safari hataingia msituni. Tunajua uzito wake. Mtu ameweka akiba mwaka mzima, amesafiri siku mbili, amefika mlangoni, na pua inachuruzika. Atashawishika kumeza dawa na kunyamaza. Askari hana kipimo cha kila mtu. Anategemea ukweli wako. Hii ni amana. Kama hayupo wa kumwona, yeye mwenyewe anajua. Kikundi kinaweza kumwondolea mzigo kwa kukubaliana kwamba fungu la dharura litamsaidia kujaribu tena siku nyingine. Mwenye uhakika wa kutopoteza kila kitu husema kweli kwa urahisi zaidi.

La pili lisilopunguzwa ni mpagazi. Mlangoni mtawakuta vijana kwa wazee wa vijiji vya jirani wakisubiri kubeba mizigo. Vijana wenye nguvu kama ninyi mtasema hamuhitaji. Angalau mchukue wawili kwa kikundi kizima. Atakushika mkono kwenye mteremko, na fedha yake inaingia moja kwa moja katika nyumba iliyo ukingoni mwa msitu.

KWA NINI TULIPE?

Huenda mtu akauliza: msitu ni wa Mungu, kwa nini kulipia kutazama? Jibu lipo katika hao wanaoishi ukingoni. Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa, watu walioishi kwa kuwinda na kurina asali ndani yake tangu mababu, waliondolewa, na wengi wao mpaka leo hawana ardhi. Wakulima nao walikatazwa kukata miti na kutega. Mtu aliyenyimwa msitu bila kupewa chochote hana sababu ya kuulinda. Ndiyo maana Uganda hutoa kwa vijiji vya jirani asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi, na dola 10 katika kila kibali cha gorila. Rwanda tangu mwaka 2017 hutoa asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake.

Mwaka 2020, wageni waliposimama kwa sababu ya korona, mapato hayo yalikauka. Mwezi Juni mwaka huo dume lililoongoza familia ya Nkuringo, aliyeitwa Rafiki, alikutwa amekufa kwa mkuki. Aliyemuua alisema aliingia kuwinda wanyama wadogo na gorila akamvamia. Alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Tukio hilo linatufundisha kwamba askari peke yake hawatoshi. Msitu hulindwa na watu wenye chakula nyumbani, na shilingi zako 300,000 ni sehemu ya chakula hicho, hata kama ni ndogo kuliko dola za Mzungu.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, wenye nchi hizi walipotuwekea bei yetu walitaka twende. Bei hiyo haitakuwa na maana ikiwa wanaopanda milima ile watabaki kuwa watu wa mbali tu, na watoto wa jirani wakaendelea kumjua gorila kwa picha za vitabu vya Ulaya. Kijana aliyemwona mama wa gorila akimbeba mwanawe mgongoni hatahitaji kuambiwa kwa nini misitu yetu ya Minziro na Rubondo ilindwe.

Wanaopenda wakutane baada ya darasa, wahesabiane, na wamchague mweka hazina. Kazi ya kwanza ni kwenda Uhamiaji kuulizia pasipoti. Mengine yatafuata kwa utaratibu wake, inshaallah.